Kulowa kwa Mwamba wa Mafuta: Kipimo na Istilahi Yake

Kitenzi *lowa* hakitusumbui katika mazungumzo ya kila siku. Nguo hulowa maji, shati hulowa jasho, bendeji hulowa damu. Lakini mhandisi wa mafuta akikitumia kuuelezea mwamba ulio chini ya ardhi, haulizi kama mwamba huo umelowa. Hilo analijua: vinyweleo vyake vimejaa maji na mafuta kwa pamoja. Aulizalo ni hili: kati ya viowevu hivyo viwili, ni kipi kinachoung'ang'ania uso wa mwamba, na ni kipi kinachobaki katikati ya kinyweleo? Makala haya yanakusudia kueleza jinsi swali hilo linavyojibiwa maabarani, na jinsi jibu lake linavyopaswa kutuongoza katika kuteua istilahi.

Swali lenyewe si dogo. Maji yakisukumwa ndani ya mwamba unaopenda maji ili kuyatoa mafuta, hupenya katika vinyweleo vyembamba na kuyafukuza mafuta yaliyomo. Mwamba ukipenda mafuta, maji hukimbilia katikati ya njia zilizo pana, yakatokea kisimani mapema, nayo mafuta yakabaki yamegandamana na kuta. Hata hesabu ya akiba huathirika. Wingi wa mafuta hukadiriwa kwa kupima jinsi mwamba unavyopitisha umeme, kwa kanuni aliyoitoa Archie mwaka 1942. Na kipeo cha 2 kinachotumiwa kwa kawaida katika kanuni hiyo hufaa mwamba upendao maji. Kikitumiwa kwa mwamba upendao mafuta, ambamo maji yamekatikakatika, hesabu huonyesha mafuta mengi kuliko yaliyopo. Tangu mafuta yagunduliwe katika bonde la Lokichar, Turkana, mwaka 2012, jambo hili limetuhusu sisi pia.

Kipimo kilicho rahisi kueleweka ni cha pembe ya mgusano, ambayo nadharia yake ilielezwa na Thomas Young mwaka 1805. Tone la maji juu ya jani la mgimbi hujikunja likawa kama shanga. Juu ya kioo safi hutandaa. Maabarani jani hubadilishwa kwa bapa la madini lililosuguliwa, na hewa hubadilishwa kwa mafuta. Pembe hupimwa kwa kupitia upande wa maji: ikiwa chini ya nyuzi 75 hivi, madini hayo hupenda maji, ikizidi 105, hupenda mafuta, kati ya hapo hakuna kioevu kilichopendelewa sana. Kasoro ya kipimo hiki ni kwamba bapa lililosuguliwa si mwamba. Mwamba una mikwaruzo, na una madini ya namna nyingi.

Kwa hiyo Amott, mwaka 1959, alikitumia kipande cha mwamba wenyewe. Kipande kilichojaa mafuta hutumbukizwa majini, kikaachwa kifyonze maji kwa hiari yake. Kisha maji husukumwa kwa nguvu. Tuseme mililita 3 za mafuta zilitoka kwa hiari na 1 kwa nguvu: uwiano wa maji ni 3 kwa 4, yaani 0.75. Jaribio hurudiwa kinyume chake, mafuta yakiyatoa maji, na uwiano wa pili hutolewa katika ule wa kwanza. Jibu huwa kati ya +1, mwamba upendao maji kabisa, na −1, upendao mafuta kabisa. Mwaka 1969 Donaldson na wenzake, katika iliyokuwa Ofisi ya Madini ya Marekani, walitumia mashine ya kuzungusha kwa kasi, wakalinganisha kazi inayohitajika kukiondoa kila kioevu. Njia yao hutofautisha vyema miamba iliyo karibu na sufuri, ambapo njia ya Amott hudhoofika.

Sasa tuitazame istilahi. Mtu angetarajia kauli ya kutendeka itupe *loweka*. Lakini umbo hilo limekwisha kuajiriwa jikoni, tena huchukua yambwa: mpishi huloweka maharagwe. Tukipitia *lowesha* tunapata *lowesheka*, na nomino *ulowesheko*. Umbo ni halali, ila maana yake ni kuweza kuloweshwa tu, na hakuna mwamba usioweza. Vipimo tulivyovieleza havipimi uwezo, vinapima uchaguzi. Ndiyo maana napendekeza *upendeleo wa kulowa*. Atakayepinga kwamba jiwe halina moyo wa kupendelea na akumbuke kwamba mpunga hupenda maji, wala hakuna mkulima anayedhani kwamba mpunga una moyo.

Istilahi hiyo ina faida nyingine. Mwaka 1973 Salathiel alieleza miamba ambayo vinyweleo vyake vikubwa hupenda mafuta na vidogo hupenda maji. Kipande cha namna hiyo huweza kufyonza maji kwa hiari, na mafuta pia. Nyuwiano zote mbili za Amott huwa juu ya sufuri, jambo ambalo namba moja ya Donaldson hailionyeshi. *Ulowesheko mchanganyiko* hautuambii ni nini kilichochanganyika. *Mwamba wenye mapendeleo mawili* unatuambia.