Mkokoteni usio na fomu

Alfajiri, kabla maduka ya Majengo, Mombasa, hayajafunguliwa, magurudumu ya mkokoteni huwa yameshaanza kulia vichochoroni. Anayeusukuma hana haraka. Husimama kila penye pipa, akachokora, akachambua: chupa za maji gunia moja, makaratasi gunia jingine, kisha sufuria iliyotoboka, vipande vya waya, kopo la maziwa. Watoto humwita chokoraa na watu wazima hawawakanyi. Ikifika saa tatu mzigo umemzidi kimo, naye hushika njia ya kwa mnunuzi wa skrepa, ambako mizani ndiyo itakayosema leo kutapikwa nini nyumbani.

Kwa sheria za Kenya, mtu huyu ni msafirishaji wa taka. Kanuni za Usimamizi wa Taka za mwaka 2006 zinamtaka msafirishaji awe na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mazingira (NEMA), apite njia zilizoidhinishwa tangu anakozoa hadi anakoshusha, na wakati wote awe na hati ya kufuatilia mzigo, iliyojazwa sawasawa. Sheria ya mazingira ya 1999, iliyozizaa kanuni hizo, inasema taka zipelekwe mahali pa kutupia penye leseni. Soma hapo mara mbili. Mahali pa kutupia. Kwa mnunuzi wa chupa hakukutajwa.

Aliyeandika maneno hayo alikuwa na lori kichwani, na kwa lori yana busara yake. Dereva anayebeba tani kadhaa za uchafu wa hospitali sharti ajulikane anatoka wapi na anaelekea wapi, la sivyo atamwaga mzigo kwenye mikoko usiku na kurudi mjini mikono mitupu. Lakini mwenye mkokoteni ataijazaje hati hiyo? Aandike "chupa tatu, nyumba ya mwalimu, kopo moja, nyuma ya msikiti"? Na njia yake iidhinishwe na nani, ikiwa hubadilika kila asubuhi kulingana na nani alikuwa na harusi jana? Matokeo yake ni kwamba mtu anayeipunguzia kaunti mzigo huivunja sheria kila siku kwa kazi hiyohiyo, na askari yeyote wa kaunti aliyeamka vibaya ana la kumshikia.

Ukichimba zaidi unakuta tabaka la chini kabisa: Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ya mwaka 1921. Kenya ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu itangazwe koloni. Waliokuwa wakitawala walikuwa bado na kumbukumbu ya tauni ya 1902, pale madaktari wao walipoamuru soko la Wahindi la Nairobi lichomwe moto. Sheria yao inayataja marundo ya takataka, matumbo ya wanyama na samadi, na kusema kwamba rundo lolote linaloudhi au kuhatarisha afya ni kero, na kero huondolewa. Hofu yao haikuwa ya bure. Ila katika macho ya sheria hiyo taka ina sura moja tu, uchafu, na dawa yake ni moja tu, iende mbali. Rundo la maganda linalogeuka mbolea nyuma ya nyumba na rundo la chupa zilizochambuliwa kwa rangi, likisubiri gari la kiwandani, yote mawili yanaweza kuitwa kero na afisa wa afya asiyependa harufu yake.

Mawazo hayo ya kupeleka mbali ndiyo yaliyotuletea majaa. Dandora, Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1975, ikatangazwa kwamba imejaa mwaka 2001, na mwaka 2021 mahakama ikaamuru ifungwe ndani ya miezi sita. Malori bado yanaingia. Hapa Mombasa tulikuwa na Kibarani, jaa lililomkaribisha mgeni kisiwani kwa moshi, pale penye daraja la Makupa. Lilifungwa mwaka 2018, pakapandwa nyasi na miti, na kwa kweli pamependeza. Taka zenyewe hazikupungua hata ratili moja. Zinaelekea jaa la Mwakirunge, ambako mgeni hafiki.

Basi mwaka 2022 Bunge likapitisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, na hapo ndipo neno lilipoanza kubadilika maana. Sheria hii inataka taka zitenganishwe nyumbani, zinazooza mbali na zisizooza. Kaunti zinatakiwa kujenga vituo vya kuchambua na kuokoa vinavyofaa, na mtengenezaji wa bidhaa abebe wajibu wake hata baada ya mnunuzi kuitupa. Kanuni za kumbana mtengenezaji zilitoka mwishoni mwa 2024. Kwa mara ya kwanza serikali ilikubali kwa maandishi jambo ambalo mwenye mkokoteni alilijua zamani: taka ni mali. Mafundi wa Lamu nao walikuwa wamekwisha kulionyesha walipounda jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, likatweka tanga hadi Zanzibar mwaka 2019.

Tatizo ni kwamba sheria mpya ilijengwa juu ya nyumba ambayo haikubomolewa. Ya 1921 ipo. Ya 1999 ipo. Tangu Katiba ya 2010 uzoaji wa taka na majaa ni kazi ya kaunti, kwa hiyo kuna sheria za kaunti pia, pamoja na kibali cha biashara cha kila mwaka. Anayetaka kufungua yadi ndogo ya plastiki Kisauni leo husikia kwa mlango huu kwamba yeye ni mshirika wa mazingira, na kwa mlango wa pili kwamba anafuga kero.

Kuna dawa ya uzee wa kanuni ambayo Wakenya wachache wanaifahamu. Sheria ya mwaka 2013 inayosimamia utungaji wa kanuni inasema kanuni inayotungwa na waziri au mamlaka hufa yenyewe baada ya miaka 10, isipokuwa imeongezewa muda, na muda huo hauzidi mwaka mmoja. Ni wazo zuri mno: ofisi inayoitaka kanuni yake iendelee kuishi lazima irudi ijieleze. Mawakili wanaweza kubishana hesabu ianzie wapi kwa kanuni zilizozaliwa kabla ya 2013. Mimi nasumbuliwa na jambo jingine. Dawa hii inaua matawi tu. Sheria zenyewe, zile zilizopitishwa na Bunge au kuachwa na Gavana wa kikoloni, hazina siku ya kufa. Kanuni ya juzi inahesabiwa miaka, na sheria ya 1921 inatembea bila fimbo, ikiwa na zaidi ya karne moja.

Nikisema hivi, jamaa yangu mmoja mwenye duka la vipuri hunikatiza: "Ondoeni hizo sheria zote, mtu afanye kazi yake!" Hapo ndipo ninapoachana naye, na sababu yangu iko umbali mfupi tu kutoka dukani kwake.

Owino Uhuru ni mtaa wa watu wa kipato cha chini karibu na Mikindani. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi ubavuni mwake, kikitoa madini ya risasi ya kuuza nje. Huo nao ni urejelezaji, tena wa kuingiza fedha za kigeni. Risasi ikaingia kwenye vumbi, kwenye maji na kwenye damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa hapo, mwanawe akaugua kwa sumu hiyo, akaanza vita iliyomletea tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira mjini Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, rufaa ikaivuruga, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Mashirika ya serikali yalikuwa miongoni mwa walioshtakiwa. Kanuni za 2006 zilikuwepo miaka yote hiyo. Wenye kuzisimamia ndio hawakuonekana mtaani hadi mambo yameharibika.

Mfano mwingine ni wa skrepa. Januari 2022 minara ya umeme ya njia ya Kiambere hadi Embakasi ilianguka baada ya vyuma vyake kuibwa, nchi ikaingia gizani, na Rais Uhuru Kenyatta akasimamisha biashara ya vyuma chakavu yote hadi mwanzoni mwa Mei. Sheria ya skrepa ya 2015, iliyoiondoa ya zamani, ilikuwa tayari na leseni na baraza lake. Badala ya kumfuata anayenunua chuma cha mnara kwa tani, tulimfungia pia anayeuza sufuria iliyotoboka. Alikaa miezi mitatu na zaidi bila mizani.

Kwa hiyo ningepewa mkasi leo, singekata ovyo. Ningeanza na masharti ya njia na hati kwa yeyote anayebeba chupa, karatasi na makopo kwa nguvu za mikono yake. Ajiandikishe mara moja kwenye ofisi ya wadi, bure, apewe kitambulisho, basi. Ningeifungua Sura ya 242 na kulitoa rundo lililochambuliwa katika orodha ya kero. Leseni ya NEMA na kibali cha kaunti kwa yadi ndogo ningezifanya karatasi moja. Upande wa pili ningekaza: betri, mafuta machafu ya gereji, taka za hospitali, chuma cha minara na reli. Hapo hati ijazwe, na lori lisimamishwe barabarani liulizwe.

Ugumu ni kwamba mzigo wenyewe haujajitenga. Nenda Majengo asubuhi uuangalie mkokoteni ukipita. Juu kabisa, katikati ya gunia la chupa na la makaratasi, mara nyingi hulala betri kuukuu ya gari imeinama upande, tindikali yake ikidondoka tone kwa tone juu ya lami, na ndicho kitu atakacholipwa vizuri kuliko vyote.