Nyumba ya kupangisha: mbele ya karo, tuangalie maji

Wengi wanaotoka Kamituga ao Shabunda na dola mfukoni wanawaza jambo moja: nyumba Bukavu. Shimo linaweza kujaa maji kesho, lakini nyumba ya kupangisha inalipa masomo ya watoto hata siku baba anarudi mikono mitupu. Kwa hiyo leo tuongee juu ya sakafu, maana hapo njo makuta mengi yanapotelea.

Neno linalotoka chimbo kwa simu tunalijua: « Mama, utie karo, batu baone kama niko natumika! » Tunaelewa. Karo ni safi, inapigwa deki upesi na inapandisha bei ya nyumba. Lakini Bukavu ni mji wa milima na udongo wa mfinyanzi. Kule Funu udongo unatelemka polepole, na tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 lilipasua nyumba nyingi za mji. Karo haijui kupinda: udongo ukisogea kidogo tu, inapasuka ao inabanduka. Na kisha miaka mitano, hamutapata tena rangi ile ile sokoni.

Balatumu je? Bei yake ni ya chini, kweli. Lakini kala moja ya mbabula ikianguka, imetoboka. Mpangaji akihama, munanunua ingine.

Sisi tunashauri simenti iliyolainishwa vizuri. Inavumilia, na ikipasuka, masoni anaziba kwa siku moja.

Kazi inaanzia inje: muchimbe mtaro nyuma ya nyumba, upande wa mlima, maji ya mvua yasipite chini ya sakafu. Halafu udongo upigwe paka ukuwe mugumu, juu yake mawe, kisha beto. Mwisho ni tabaka la juu: beseni moja ya simenti kwa tatu za mchanga safi, usio na udongo. Kwa chumba cha mita 3 kwa 4, unene wa sentimeta 4, muhesabu mifuko 4 ao 5 ya kilo 50. Mama, uihesabu mwenyewe ikiingia, na mifuko mitupu ibaki kwako.

Sakafu ikishika, muimwangie maji siku 7. Simenti inayokauka haraka inabaki vumbi, inaanza kumomonyoka. Mpangaji akileta garanti kesho yake, musikubali aingie.

Karo muitie mahali pa maji tu: jikoni na bafuni, ile isiyoteleza. Muongeze paketi moja ya akiba.

Kazi hii ifanyike kiangazi, Juni paka Agosti. Mvua za Septemba zikianza, muingie ndani, mukanyage peku. Kama chini ni kukavu, hapo sasa tunaweza kuongea juu ya karo za saluni.