Seva za Wavuti na Herufi za Kikamba: Mizani ya Kuzipima Programu za Awali

Neno seva limeingia katika Kiswahili likiwa na maana mbili ambazo aghalabu huchanganywa. Maana ya kwanza ni kompyuta yenyewe, chombo kinachokaa chumbani kikiwaka usiku na mchana. Ya pili ni programu iendeshwayo ndani ya chombo hicho, ambayo kazi yake ni kupokea ombi la msomaji aliye mbali, kulitafuta faili linalotakiwa, na kulipeleka pamoja na maelezo mafupi yanayolitangulia. Makala haya yanahusu maana ya pili, na hasa maelezo hayo mafupi. Wapimaji wa miaka ya tisini hawakuyajali sana, lakini kwa lugha kadhaa za Afrika Mashariki ndiyo yaliyoamua kama maandishi yangesomeka au la.

Programu ya kwanza ya aina hii iliandikwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha CERN, Uswisi, mwaka 1990. Iliyofuata kwa umaarufu ilitungwa na Rob McCool katika kituo cha NCSA cha Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. McCool alipoondoka huko mwaka 1994, watumiaji wa programu yake walibaki wakiitia viraka kila mmoja kwa namna yake. Mwanzoni mwa mwaka 1995 baadhi yao walikubaliana kuviunganisha viraka hivyo, na kazi yao ikaitwa Apache. Wakati huohuo kampuni ya Netscape ilikuwa ikiuza seva zake, ile ya biashara ikitajiwa bei ya dola 5,000. Mwaka 1996 Microsoft nayo ikatoa yake, bila malipo kwa aliyekwisha kununua Windows NT. Kufikia Aprili 1996 Apache, ambayo haikuuzwa, ilikuwa imezipita zote katika hesabu za Netcraft.

Waliozipima programu hizi katika nchi tajiri waliuliza maswali matatu: seva yaweza kujibu maombi mangapi kwa sekunde moja, inagharimu nini, na je, ni rahisi kuiweka? Swali la kwanza lilipewa uzito kuliko yote. Nchini Kenya, ambako huduma kamili ya intaneti ilianza mwaka 1995, swali hilo halikuwa na maana kubwa. Tuchukue mfano wa taasisi iliyokodi njia ya kilobiti 64 kwa sekunde. Njia hiyo hupitisha kilobaiti 8 tu kwa sekunde, yaani ukurasa wa kilobaiti 16 huchukua sekunde mbili hata kama hakuna msomaji mwingine. Kompyuta kuukuu yenye programu ya bure iliweza kuijaza njia hiyo bila kutoa jasho. Aliyelipa maelfu ya dola kwa ajili ya kasi alikuwa amenunua pipa kubwa la kukinga maji ya bomba jembamba.

Mambo mawili yalistahili kupimwa badala yake. La kwanza ni uwezo wa kuhifadhi nakala za kurasa zilizokwisha kuletwa, ili msomaji wa pili asilazimike kuzifuata ng'ambo. Programu ya CERN iliweza kufanya hivyo, na sifa hiyo haikupewa haki yake. La pili ni uwezo wa kudumisha muungano mmoja kwa maombi kadhaa. Mawasiliano ya Kenya na ulimwengu yalipitia setilaiti zilizo umbali wa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, na ujumbe kwenda na jibu kurudi huchukua kama nusu sekunde. Ukurasa wenye picha kumi, kila picha ikifunguliwa muungano wake, ulimsubirisha msomaji mno. Hata mtu wa Nairobi aliyetaka ukurasa uliohifadhiwa Nairobi kwa mtoa huduma mwingine, ombi lake lilipanda angani, likavuka bahari na kurudi. Kituo cha KIXP kilianzishwa Novemba 2000 ili kuondoa mzunguko huo. Kikafungwa baada ya muda wa wiki mbili hivi, na hakikufunguliwa tena hadi Februari 2002.

Hayo ni mambo ya mitambo. La lugha ni zito zaidi, nalo laonekana vizuri likitazamwa kutoka mahali kama Tawa, soko la Mbooni katika Makueni, ambako lugha ya nyumbani ni Kikamba. Kikamba kina irabu saba. Alfabeti ya Kirumi ina herufi tano tu za irabu, na kwa hiyo waandishi wa Kikamba, kama wale wa Kikikuyu, huongeza ĩ na ũ kwa sauti mbili zilizobaki. Alama hizo si mapambo. Viambishi vya ngeli, mũ- na mĩ-, huandikwa kwa herufi hizo, na ni vigumu kuandika hata sentensi moja ya Kikamba bila kuzihitaji: mũndũ, mũtĩ, mĩtĩ, mũsyĩ. Iwe ni Kikamba cha Masaku kinachozungumzwa Tawa au kile cha Kitui, hitaji ni hilohilo.

Kiswahili hakikukutana na tatizo hili. Herufi zake zote zimo katika orodha ya msingi ya kompyuta, na kwa ng' inatosha alama ya kawaida ya ritifaa. Kamusi ya mtandaoni iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994 iliweza kuchapa maneno ya Kiswahili bila hila yoyote. Bahati hiyo imewafanya wengi wadhani kwamba lugha za Kibantu kwa jumla ziliingia intaneti bila kikwazo.

Orodha ya herufi iliyotawala wavuti ya mwanzo ni ISO 8859-1, iliyotungwa kwa lugha za Ulaya Magharibi. Ina ñ na õ, lakini haina ĩ wala ũ. Jambo la ajabu ni kwamba herufi hizi mbili zimo katika orodha nyingine, ISO 8859-4, iliyokusudiwa lugha za Baltiki, Kisami na Kigreenland. Mkamba angeweza basi kuandika lugha yake kwa kuazima orodha ya watu wa theluji, mradi seva iseme wazi kwamba faili linalotumwa limeandikwa kwa orodha hiyo. Isiposema, kivinjari hudhani ni ile ya Ulaya Magharibi, na neno mũtĩ humfikia msomaji likiwa mýtµ.

Hapo ndipo yale maelezo mafupi yanapoonyesha nguvu yake. Kila jibu la seva hutanguliwa na kichwa, na katika kichwa hicho hutajwa aina ya faili na orodha ya herufi. Hati ya Januari 1997 iliyoweka kanuni za HTTP 1.1 iliamua kwamba pasipotajwa orodha yoyote, ISO 8859-1 ndiyo inayochukuliwa. Mwandishi naye aweza kutaja orodha ndani ya ukurasa wake, lakini kichwa kikisema jambo tofauti, kauli ya kichwa ndiyo inayofuatwa. Kwa maneno mengine, msimamizi wa seva, ambaye huenda hajui hata neno moja la Kikamba, anasikilizwa kabla ya mwandishi.

Unikodi ilileta nafuu, kwa kuwa ina ĩ na ũ pamoja na herufi za lugha nyingine nyingi. Ila nafuu hiyo nayo ilipitia mikononi mwa seva. Mwaka 2000 Apache ilipata agizo la AddDefaultCharset, kama kinga dhidi ya hila ya kupenyeza maagizo mabaya katika kurasa iliyotangazwa Februari mwaka huo. Matoleo ya awali ya Apache 2.0 yakaja yakiwa yamelijaza agizo hilo kwa ISO 8859-1. Matokeo yake, ukurasa wa Kikamba ulioandikwa vema kwa UTF-8, na uliojieleza hivyo wenyewe, ulitangazwa na seva kuwa ni wa Ulaya Magharibi. Mũtĩ ukawa mÅ©tÄ©. Baadaye agizo hilo liliondolewa katika usanidi wa mwanzo, lakini seva nyingi zilizokwisha kuwekwa ziliendelea kama zilivyokuwa. Mwandishi mwangalifu alijikinga kwa kuandika &#297; mahali pa ĩ na &#361; mahali pa ũ, namba ambazo hazitegemei kauli ya seva. Ni kazi ya kuchosha, na faili likifunguliwa kwa ajili ya kuhaririwa halisomeki.

Kuna kipimo kingine ambacho Apache ilikifaulu mapema: kuchagua lugha. Kivinjari huweza kupeleka orodha ya lugha azipendazo msomaji, na seva ikamchagulia faili linalofaa kati ya kadhaa zenye habari moja. Uwezo huu ni mkubwa kwa nchi ya lugha nyingi. Lakini lugha hutambuliwa kwa msimbo, na hati ya Machi 1995 iliyoongoza jambo hili ilitambua misimbo ya herufi mbili ya ISO 639. Kiswahili kilikuwa na sw. Kikamba hakikuwa na msimbo wowote, isipokuwa mtu ajitungie wake unaoanza na x-, ambao ungeeleweka tu na waliopatana naye. Msimbo wa herufi tatu, kam, ulikuja na ISO 639-2 mwaka 1998, na ruhusa ya kutumia misimbo ya herufi tatu katika wavuti ikatolewa Januari 2001. Kwa karibu miaka sita, seva iliyosifiwa kwa kujua lugha za wasomaji haikuwa na njia rasmi ya kuitaja lugha ya Tawa.

Leo UTF-8 imeenea, na maagizo mawili mafupi yatosha katika Apache: moja la kutangaza orodha hiyo kwa kurasa zote, na jingine la kuliambatanisha jina la faili lenye mwisho wa .kam na lugha ya Kikamba. Kizuizi kilichobaki kimehamia kwenye kibodi, ambayo kwa kawaida haina kitufe cha ĩ wala cha ũ. Ndiyo maana Kikamba kingi cha mtandaoni huandikwa bado bila alama, mundu mahali pa mũndũ na musyi mahali pa mũsyĩ, ijapokuwa seva sasa zina uwezo wa kuzipeleka herufi hizo salama.