Kata Tawi, Uokoe Mti

Wahenga walisema: samaki mkunje angali mbichi. Waliotuachia maneno hayo walikuwa watu wa pwani, wenye kuijua ngalawa na wavu. Lakini huko Japani wako watu walioufanya usemi kama huo kuwa kazi ya maisha yao, na wanachokikunja ni mti. Kazi hiyo huitwa bonsai, jina ambalo maana yake ni kitu kilichopandwa katika chano. Mti ambao porini ungepita paa la nyumba hulelewa katika chano cha udongo. Hupunguzwa mizizi, hukatwa matawi, hukunjwa kwa waya, hata ukawa na sura ya mti mkongwe ilhali kimo chake hakifiki kiuno cha mtu mzima.

Msomaji asidhani kwamba tumeishiwa na la kuandika. Tunaianza habari hii Japani ili tuimalizie Masaki. Wala hatusemi Masaki ya Dar es Salaam, yenye majumba yanayotazama bahari. Tunasema kata ya Masaki katika Wilaya ya Kisarawe, ambako mkorosho aliouacha babu ungali umesimama nyuma ya nyumba ya mjukuu.

Katika miti ilelewayo kwenye chano, mmoja unatufaa kwa somo letu. Nao ni ume, jamaa ya plamsi zitufikiazo mijini kutoka Lushoto. Asili yake ni China, na Wajapani wameupanda kwa zaidi ya miaka 1,000. Huchanua mwishoni mwa majira ya baridi, kabla jani halijachomoza, maua meupe au mekundu juu ya tawi tupu. Wajapani wana msemo wa zamani kwamba yuko mpumbavu akataye mti wa cheri, na yuko mpumbavu mwingine asiyekata ume. Yaani mti mmoja huumia ukikatwa ovyo, na mwingine huharibika usipokatwa. Mwenye busara ni yule ajuaye upi ni upi.

Kwa nini ume ukatwe? Maua yake hutoka katika vitawi vilivyokua mwaka uliotangulia. Visipopunguzwa, vitawi hurefuka mwaka hata mwaka, maua yakasogea mbali na shina, na matawi ya ndani, kwa kukosa jua, yakafa moja baada ya jingine. Kwa hiyo mlezi wa mti husubiri maua yapukutike. Ndipo, bila kukawia, hukata kila kitawi akabakiza macho mawili au matatu. Machipukizi yatokayo baada ya hapo huyaacha yakue, kwa kuwa katikati ya kiangazi ndipo macho ya maua ya mwaka ujao yanapoumbwa. Atakayekata wakati huo atapata mti wenye umbo la kupendeza, lakini maua atayasikia kwa jirani. Waya naye huufunga tawi likiwa changa, akaufungua kabla haujazama katika gome. Na jeraha kubwa hulifunika kwa dawa, maana kidonda cha ume hupona polepole.

Mambo matatu basi huyajua kabla ya kushika mkasi: ua hutoka wapi, wakati wa kukata ni upi, na kidonda kitaponaje. Kwa kuyashika mambo hayo mti huishi kupita mlezi wake. Uko msonobari mmoja wa chano ulioanza kulelewa mwaka 1625 na kurithiwa katika ukoo mmoja kwa vizazi kadhaa. Ulikuwa Hiroshima siku lilipoangushwa bomu la atomiki mwaka 1945, ukasalimika, na mwaka 1976 Japani ikautoa zawadi kwa Marekani, ambako ungali hai mjini Washington. Hakuna muujiza hapo ila mkono wa mtu uliorudi kwenye mti kila mwaka.

Sasa tuje Masaki. Mkorosho nao ni mgeni kwetu. Asili yake ni Brazil, na Wareno ndio walioufikisha katika pwani hii ya Afrika katika karne ya 16. Leo hakuna amwitaye mgeni. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho zipatazo tani 145,000. Baadaye mambo yaligeuka. Wakulima wengi walihamishiwa vijijini katika Operesheni ya miaka ya 1970, na mashamba yao yakabaki mbali na makazi mapya. Bei aliyolipwa mkulima haikumtia moyo wa kuyafuata. Miti ikazeeka na kusongamana. Kisha ukaingia ugonjwa wa ubwiriunga. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno ya nchi nzima hayakufika tani 20,000. Hali imepata kuinuka tena, hata msimu wa 2017/18 zikavunwa zaidi ya tani 300,000, lakini sehemu kubwa ya mavuno hayo ilitoka mikoa ya kusini. Mkorosho wa Pwani umebaki nyuma ya ndugu yake wa Mtwara.

Ubwiriunga ni ukungu. Huonekana kama unga mweupe juu ya majani machanga na maua, na huyakausha kabla hayajafunga tunda. Hupenda baridi na umande wa kipupwe, wakati uleule mkorosho unapochanua. Wakulima wanaijua salfa, na salfa hufaa. Lakini wengi hawajaambiwa mahali ukungu huo unapojificha maua yakiisha: hujificha katika machipukizi mateke yaotayo ndani ya mti na chini ya mwavuli wake, kwenye kivuli kisichokauka. Machipukizi hayo hayazai korosho. Kazi yake ni kunyonya, na kuutunza ugonjwa mpaka msimu ujao. Mkulima anayenunua salfa na kuyaacha machipukizi hayo ni kama mtu akomba maji katika ngalawa asizibe tundu.

Lakini mwambie mzee wa Masaki akate matawi ya mkorosho wake, atakujibu: “Mwanangu, tawi ni korosho. Nikikata tawi nimekata chakula.” Jibu hilo lisidharauliwe. Mzee ameona kweli kwamba korosho hutoka kwenye matawi. Asichoonyeshwa ni kwamba hazitoki kwenye kila tawi. Ua la mkorosho hutoka kwenye ncha ya chipukizi jipya, upande wa nje wa mti unaopigwa na jua. Ndani ya mwavuli, mti unaposongwa na wenzake, hakuna ua. Miti miwili iliyoshikana matawi imepoteza pande zote zilizoshikana. Ndiyo maana wataalamu hushauri nafasi ya mita 12 kati ya mti na mti. Shamba la miti michache yenye kuota jua pande zote huweza kulishinda shamba la miti mingi iliyokumbatiana.

Hapa ndipo mkorosho unapokutana na ume, na hapa ndipo unapoachana nao. Mlezi wa ume hufupisha vitawi vya nje ili maua yasogee ndani. Mwenye mkorosho akifanya hivyo atakata maua yake kwa mkono wake. Yeye aziache ncha za nje zenye jua, aondoe ya ndani: matawi makavu, yenye ugonjwa, yanayosuguana, machipukizi ya kivulini, na yale yanayoburura chini, ili mtu apite na upepo upite. Wakati wake ni baada ya mavuno, kabla mti haujaanza kutoa machipukizi ya maua. Akichelewa hadi kipupwe, amekata korosho za mwaka huo.

Namna ya kukata nayo ina adabu yake. Tawi nene halikatwi kwa pigo moja la panga, kwa kuwa litaanguka na kuchuna gome la shina mpaka chini. Kwanza likatwe kidogo kwa msumeno upande wa chini, mbali kidogo na shina. Kisha likatwe juu, mbele kidogo ya mkato wa kwanza, lianguke bila kuchuna kitu. Mwisho kisiki kilichobaki kiondolewe karibu na shina, pasipo kuugusa mviringo uliovimba ambapo tawi limeungana na mti. Mviringo huo ndio unaokifunga kidonda. Kisiki kirefu huoza, na uozo huingia shinani. Mti mzee usiozaa tena haupaswi kung’olewa kwa haraka: wataalamu huukata shina, wakaacha uchipue, wakabebesha vikonyo vya mbegu bora juu ya machipukizi yake. Mizizi ya babu ikabeba korosho ya mjukuu. Lakini asikate shamba zima kwa mwaka mmoja, maana watoto watakula nini wakati miti inachipua?

Ndugu zetu wa visiwani huenda wakauliza: sisi na Masaki tuna nini? Wana-Mafia ni wa Mkoa mmoja na Kisarawe, na mikorosho yao inakutana na ukungu uleule. Na ndugu wa Unguja na Pemba wanaujua mkarafuu, ambao nao huweka vikonyo vyake kwenye ncha za matawi. Mchumaji mwenye haraka avunjaye tawi zima ili alichumie chini kivulini ameondoka na karafuu za leo pamoja na za msimu ujao, tena ameacha jeraha lililochanika, nalo ni mlango wa ukungu unaokausha matawi. Kati ya kupogoa na kuvunja kuna tofauti kubwa, ingawa yote mawili huacha matawi chini. Mmoja amekata kwa ajili ya mti, mwingine kwa ajili ya kikapu.

Neno letu la mwisho ni kwa viongozi na watumishi wa Serikali. Ni rahisi kuandika waraka unaosema kila mwenye mikorosho apogoe kabla ya tarehe fulani, kisha zikusanywe takwimu za miti iliyokatwa. Tunaomba jambo hilo lisifanyike. Hesabu ya miti iliyokatwa haisemi kama imekatwa ndani au nje, baada ya mavuno au katikati ya maua. Historia yetu imetufundisha kwamba jambo jema likiendeshwa kwa amri na haraka huacha mashamba nyuma. Bwana Shamba na aende Masaki na msumeno mkononi. Achague mti mmoja wa mkulima mmoja aliyekubali kwa hiari, aupogoe mbele ya majirani, na wa pili yake auache kama ulivyo. Msimu wa mavuno ukifika, wakulima wenyewe watapima korosho za mti huu na za ule. Mkulima haamini waraka, huamini debe.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Jiji la Dar es Salaam linasogea Kisarawe na Kibaha kila mwaka, nalo lina njaa ya mkaa na ya viwanja. Mkorosho usiozaa hauna wakili mbele ya mchoma mkaa wala mbele ya mnunuzi wa kiwanja. Mwenye nao atauuza, na hatuwezi kumlaumu, kwa kuwa mti usiomlisha mtu ni kuni. Lakini mkorosho uliopogolewa vizuri ukazaa unajitetea wenyewe.

Yule Mjapani na chano chake hatarajii kula tunda la ume wake. Anaukata ili amwachie mwanawe mti hai. Sisi tunaokula, tunaosomesha watoto na kuezeka nyumba kwa fedha ya korosho, tuna sababu kubwa zaidi ya kuushika msumeno kwa wakati wake.