Korti Imekuhukumu na Hukujua Kuna Kesi? Hukumu Inaweza Kuangushwa Hivi

Chukulia wewe ni msee wa Bodo, kazi yako ni boti: samaki usiku, mchana unavusha wageni Funzi. Asubuhi moja dalali anakuja na karatasi. Unadaiwa doh ya injini, kesi ilishaamuliwa, una siku 7 ulipe ama vitu vyako vibebwe. Na wewe hujawahi kusikia hiyo kesi!

Manze, usihepe na usipigane na dalali. Hukumu ya aina hii hutoka mtu asipojibu kesi kwa muda aliopewa. Inaweza kutolewa, ila swali la kwanza ni moja: samansi ilikufikia?

Kama ilikufikia ukaikalia, hukumu iko sawa kisheria na wewe ndiwe unabembeleza. Hakimu ataangalia mbona ulinyamaza, umechelewa kiasi gani, na kama uko na utetezi wa maana ama ni porojo tu. Akikukubalia, anaweza kukupa masharti, kama kuweka pesa kortini kwanza.

Kama haikukufikia, hapo si kubembeleza, ni haki yako. Mahakama ya Rufaa ikiwa Mombasa ilieleza hivyo 2016: hukumu iliyopatikana bila samansi kufikishwa vizuri inaondolewa, hata kabla ya kuuliza kama utetezi wako una nguvu. Huwezi kuhukumiwa bila kuskizwa.

Lakini usikimbilie kusema "sijaona karatasi". Samansi inafaa upewe mkononi, ila ukikosekana inaweza kuachiwa mtu mzima wa familia mnayeishi pamoja. Tangu 2020 hata WhatsApp inakubalika. Ripoti ikionyesha mesej imefika, unahesabiwa umeipata, hata kama hukuifungua.

Silaha yako ni hati ya kiapo ya aliyepeleka samansi. Lazima aseme alikupata wapi, saa ngapi, na nani alimwonyesha kwamba ni wewe. Akisema alikupata Bodo Jumanne saa nne asubuhi na wewe siku hiyo ulikuwa Lamu, leta tiketi, risiti, shahidi. Unaweza hata kuomba korti imuite aulizwe maswali.

Cheki pia kama ulipewa notisi ya hukumu. Kwa kesi ambayo hukujibu, sheria inataka upewe angalau siku 10 kabla dalali hajatumwa.

Sasa fanya hivi:

1. Soma karatasi ya dalali. Iko na namba ya kesi na jina la korti. Inaweza kuwa Kwale, inaweza kuwa mbali.
2. Nenda uombe kuona faili, utoe kopi ya hiyo hati ya kiapo.
3. Peleka maombi ya dharura yenye mambo mawili: dalali asimamishwe kwanza, halafu hukumu iondolewe. Ambatisha kiapo chako na utetezi unaotaka kuweka. Wakili anasaidia sana, lakini sheria inakuruhusu kujisimamia.

Zile siku 7 hazikungojei, na ukikaa miezi baada ya kujua, korti itakuuliza ulikuwa wapi.

Na usichanganye mambo: hukumu ikianguka, deni halijafutwa. Kesi inaanza upya, na mara hii wewe uko ndani ya chumba. Kama hiyo injini kweli hukulipa, anza kutafuta doh mapema.