Kalamu ya Kuajiri Mhadhiri Iwe Mikononi mwa Nani?

Chuo kikikabidhiwa hati idhini, wengi huamini kimeshakuwa huru. Bado. Jumuiya ya Vyuo Vikuu vya Ulaya hupima uhuru wa chuo kwa mambo manne: uongozi, fedha, ajira na taaluma. Kipimo hicho kikiletwa Mbeya na Iringa, penye kidonda ni ajira.

Kwenye udahili tulishapiga hatua. Kuanzia 2010, mwombaji alipeleka maombi yake Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), na mfumo mmoja wa nchi nzima ukampangia chuo. Mwaka 2017 Rais Magufuli aliagiza utaratibu huo ukome. Sasa kijana anaomba chuoni moja kwa moja, na TCU inasimamia sifa za kujiunga na kuhakiki waliochaguliwa. Lawama za kudahili ovyo nazo zikahamia vyuoni, na ndivyo inavyostahili.

Ajira ni hadithi nyingine. Chukua Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), kilichopanda hadhi kuwa chuo kikuu mwaka 2012. Chuo cha umma kama hicho kikipungukiwa mhadhiri wa umeme, mkuu wa idara huandika maombi, menejimenti hupeleka ikama, kisha kibali husubiriwa Ofisi ya Rais, Utumishi. Kikitoka, tangazo hupitia Sekretarieti ya Ajira, ndipo usaili ufuate. Muhula hausubiri kibali. Waliopo hugawana vipindi, na utafiti ndio huwekwa kando kwanza.

Panda Iringa. Mkwawa ni chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2005, hivyo shahada zake hutolewa kwa jina la chuo hicho mama. Chuo Kikuu cha Iringa cha Walutheri kilitoka chini ya Chuo Kikuu cha Tumaini mwaka 2013. Chuo Kikuu cha Ruaha cha Wakatoliki kikatoka chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka uliofuata. Hivi viwili huajiri bila kusubiri kibali cha Utumishi. Ila mishahara yao hutegemea zaidi ada, na ada ya wanafunzi wengi hutoka Bodi ya Mikopo. Udahili ukishuka, baraza lina mamlaka ya kuajiri lakini halina cha kulipa.

Finland ililitatua hili kwa sheria iliyoanza kutumika Januari 2010. Vyuo vikuu vilifanywa taasisi zenye nafsi yake kisheria, wahadhiri wakaacha kuwa watumishi wa serikali, chuo kikawa mwajiri wao. Serikali iliendelea kugharamia sehemu kubwa ya bajeti. Yaani mamlaka yalihama, fedha hazikukatwa.

Najua hofu iliyopo: tukiviachia vyuo vyetu, ajira zitakwenda kwa kujuana. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni matangazo ya wazi, matokeo ya usaili kubandikwa hadharani, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye tayari hukagua vyuo vya umma, kufungua majalada ya ajira. Kumzuia kila mkuu wa idara kwa kosa la wachache kunamwadhibu mwanafunzi.

Serikali ianze na wahadhiri peke yao: iweke ukomo wa mishahara, kisha iyaachie mabaraza ya vyuo yaajiri na yawajibike.