Kucha za Mbwa Mzee: Namna ya Kuzikata Nyumbani kwa Usalama

Katika Kata ya Vidunda, wilayani Kilosa mkoani Morogoro, mbwa anayepanda na kushuka milima kila siku hupunguza kucha zake mwenyewe kwa msuguano wa mawe na udongo mgumu. Anapozeeka hushinda amelala uani, kucha hurefuka, na kila hatua humsukuma vidole nyuma hadi viungo vyake, ambavyo mara nyingi tayari vina maumivu, vikaelemewa zaidi. Ukucha wa kidole cha juu, upande wa ndani wa mguu wa mbele, haugusi ardhi kabisa. Usipokatwa unaweza kujikunja na kuzama katika nyama.

Ndani ya kila ukucha mna kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Katika ukucha mweupe huonekana kama mstari wa waridi. Katika ukucha mweusi hakionekani, na hapo ndipo wengi hukosea. Njia salama ni kukata vipande vyembamba kutoka nchani na kutazama sehemu iliyokatwa. Doa la kijivu au la waridi likijitokeza katikati, mkataji aache. Ukucha uliorefuka mno haurudishwi kwa siku moja, kwa kuwa kiini nacho hurefuka. Ukipunguzwa kidogo kila baada ya wiki mbili, kiini hurudi nyuma taratibu.

Mkasi wa kukatia kucha za wanyama ndio unaofaa, au tupa ndogo kwa asiye na uzoefu. Panga na wembe havifai hata kidogo. Mbwa alazwe juu ya mkeka, mguu uinuliwe kidogo tu bila kuvutwa pembeni, na apumzishwe kila anapoonesha kuchoka. Miguu miwili leo na miwili kesho si kosa. Huo pia ni wasaa mzuri wa kukagua funza kati ya vidole. Damu ikitoka, unga mkavu wa ngano au wa mahindi ubanwe juu ya ukucha kwa dakika chache.

Hatari kubwa zaidi iko kwa binadamu. Mbwa mpole wa miaka mingi anaweza kuuma anapoumia, na kichaa cha mbwa hakina tiba dalili zikishajitokeza. Kwa sababu hiyo, chanjo ya kila mwaka itangulie kazi hii. Anayeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende mara moja kituo cha afya, hata kama jeraha ni dogo.

Ukucha uliopasuka, uliozama katika nyama au unaotoa usaha usiguswe nyumbani. Mwenye mbwa amwone afisa mifugo wa eneo lake.